Gari linachemsha foleni au linachemsha mlimani? Linganisha kabla hujanunua rejeta

Corolla yangu ni ya miaka ya tisini, ile 110 yenye injini ya 5A, na kwa muda mrefu ilikuwa na ugonjwa mmoja tu. Ikikaa foleni ya Ubungo saa kumi na moja jioni, mshale wa joto unaanza kupanda. Nikiitoka foleni na kushika Barabara ya Morogoro kuelekea Kibaha, mshale unarudi katikati wenyewe. Fundi wa kwanza aliisikiliza injini, akaigusa rejeta, akasema, "Kaka, rejeta imekwisha hii." Nikanunua rejeta. Wakati anaifunga akaitoa na themostati, kile kifaa kinachofungua na kufunga njia ya maji kwa joto, akaitupia kwenye kopo la vyuma chakavu. "Huku kwetu nchi ya joto, hii haina kazi. Inazuia maji tu."

Wiki mbili hazikupita, foleni ile ile, mshale ukapanda vile vile. Mwezi uliofuata nikiwa safarini Iringa na familia, gari ambalo halijawahi kunisumbua mlimani lilichemsha katikati ya mlima wa Kitonga. Tulikaa pembeni zaidi ya saa nzima, malori yakitupita kwa gia ndogo, huku nikimzuia kijana mmoja mwenye nia njema asifungue mfuniko wa rejeta.

Kilichoniuma zaidi ya pesa ni kwamba gari lilikuwa limeshasema tatizo lake tangu siku ya kwanza. Lilichemsha likiwa limesimama, likapoa likiwa linakwenda. Rejeta iliyoziba haina tabia hiyo. Ndiyo maana naandika ulinganisho huu nikianza na swali ambalo gereji nyingi hazikuulizi: linachemsha lini?

Foleni upande huu, mlima upande ule

Gari likitembea kilomita 80 kwa saa, upepo wa barabarani peke yake unatosha kuipoza rejeta, na feni inaweza kuwa imelala kabisa usijue. Gari likisimama, upepo wote unatoka kwenye feni. Kwa hiyo linalochemsha foleni na kupoa likishika mwendo linakuelekeza kwenye feni na vinavyoiendesha: fyuzi, relei, mota, swichi ya joto, pamoja na lile kava la plastiki linaloizunguka feni, ambalo magari mengi ya zamani yamelipoteza kwenye ajali ndogo za mbele.

Mlimani ni kinyume. Injini inafanya kazi nzito, inazalisha joto jingi kwa muda mrefu, na maji yanatakiwa yazunguke kwa wingi na kupoteza joto hilo haraka. Gari lililo salama foleni lakini linapanda joto Kitonga, Sekenke au ukitoka Mombo kwenda Lushoto, lina tatizo la maji kupita au la joto kutoka: rejeta iliyoziba ndani, themostati isiyofunguka yote, pampu ya maji iliyolika mapanga, au mpira wa chini wa rejeta unaojibana wakati injini inavuta. Huo wa mwisho unaonekana kwa macho. Mtu akanyage mafuta hadi mizunguko 3,000, wewe uangalie mpira. Ukisinyaa kama mrija wa juisi, umeupata mchawi wako.

Halafu kuna la tatu, linalochemsha popote na wakati wowote na kila siku linataka kuongezwa maji. Hilo linapoteza maji, na swali lake ni yanakwenda wapi. Ukikuta unyevu chini ya gari, fuata alama ya kutu au chumvi nyeupe hadi kwenye mpira, mfuniko au kale katundu kadogo chini ya pampu ya maji. Katundu hako kamewekwa makusudi ili sili ya pampu ikifa maji yatoke nje yaonekane. Kakitoa maji, usikazibe, badili pampu. Kwenye hizi Corolla pampu inazungushwa na mkanda ule wa jenereta, kwa hiyo angalia na ukazo wa mkanda. Chini kukiwa kukavu kila siku na maji bado yanapungua, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya hedi, yaani kichwa cha injini, huko chini.

Jambo moja kuhusu mshale wenyewe. Kwenye Toyota nyingi za umri huu geji imetengenezwa ikae katikati kwa nyuzi nyingi za joto, kwa hiyo ukiuona umeondoka katikati, hali imeshakuwa mbaya tayari. Na kipima joto chake kinasoma maji. Maji yakiisha yote kinaweza kuachwa kikining'inia hewani, mshale ukashuka, wewe ukadhani gari limepoa kumbe hedi inaungua. Mshale ukipanda kisha ukaporomoka ghafla, zima injini hapo hapo.

Feni: daireki au swichi mpya?

Kipimo cha feni ya Corolla ya zamani kinanifurahisha hadi leo kwa urahisi wake. Swichi yake ya joto imetengenezwa kinyume na unavyotarajia. Maji yakiwa baridi swichi imefunga na feni imezuiwa, yakifika nyuzi kama 93 swichi inaachia na feni inazunguka. Kwa hiyo washa ufunguo injini ikiwa ya baridi, usipige stata, kisha chomoa soketi ya swichi hiyo. Feni ikianza kuzunguka, mota, relei na fyuzi ni vizima, na mgonjwa ni swichi. Isipozunguka, peleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye mota uone kama iko hai, halafu rudi kwenye relei na fyuzi. Mimi nilichomoa ile soketi uani kwangu, Jumamosi asubuhi, baada ya kuwa nimeshalipia rejeta mpya. Feni ikavuma papo hapo. Magari mengine mengi yanakwenda kinyume cha hili, unaunga nguzo mbili za swichi ndipo feni iamke, kwa hiyo ulizia la kwako kabla.

Usidanganywe na feni ya AC. Kwenye gari lenye feni mbili, ya AC inaweza kuzunguka vizuri huku ya injini imekufa. Kama fundi umeme ameshagusa waya, shika karatasi ya daftari mbele ya rejeta. Feni iliyo nyuma ya rejeta inapaswa kuinasa. Ikiisukuma mbali, waya zimegeuzwa, inazunguka kinyumenyume na inapigana na upepo wa barabarani.

Sasa uchaguzi. Mafundi wengi watakushauri "tuifunge daireki", yaani feni izunguke muda wote ufunguo ukiwa umewashwa, au iwekewe kitufe cha kubonyeza karibu na usukani. Ukiwa umekwama Dumila usiku na maduka ya spea yamefungwa, daireki ni sahihi kabisa na itakufikisha nyumbani. Kama mpango wa kudumu siukubali. Mota inafanya kazi hata isipohitajika, brashi zake zinaisha, na mara nyingi kazi hiyo inafanywa kwa waya mwembamba usio na relei wala fyuzi, ambao unapata moto hadi ganda lake linayeyuka. Cha kitufe kina hatari nyingine: siku utakapomwazima mdogo wako gari, hatajua kuna kitufe. Swichi mpya ni spea ndogo, inafungwa chini ya saa moja. Hapa sioni sababu ya kusitasita.

Wenye Hilux na magari mengine ambayo feni imekaa kwenye injini yenyewe na klachi ya mafuta mazito, kipimo ni cha mkono. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, izungushe feni. Inapaswa kukataa kidogo. Ikizunguka bure raundi kadhaa kama pangaboi, klachi imekwisha.

Themostati: itoke au ibaki?

Hili ndilo lililonipeleka Kitonga, na nitalikalia.

Hoja ya kuitoa inasikika vizuri: ni mlango kwenye njia ya maji, ondoa mlango, maji yapite. Lakini kwenye injini kama hii themostati ina kazi mbili. Ikifunguka upande wa rejeta, kwa nyuma inafunga njia ya mkato ambayo maji huitumia kuzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupozwa hata kidogo. Ukiwa tambarare huoni kitu. Ukiwa mlimani, ambako kila lita ya maji inatakiwa ifike kwenye rejeta, unachemsha. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinaonya hili waziwazi: usiitoe hata kama injini ina tabia ya kupanda joto, kwa sababu upoaji unashuka.

Upande wa pili wa hasara hauonekani kwenye mshale. Gari lisilo na themostati linachelewa kupata joto lake la kazi, hasa asubuhi za Mbeya au Njombe. Kompyuta ya injini inadhani bado ni baridi na inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Oili nayo haifiki joto linaloikausha unyevu. Unalipa kila siku kwenye kituo cha mafuta kwa kifaa ulichokitoa ili kuokoa pesa.

Kama una shaka na themostati yako, usikubali neno la mtu, hata langu. Ipime jikoni. Mimi niliifunga uzi, nikaining'iniza kwenye mwiko uliolazwa juu ya sufuria ya maji ili isiguse chini, na pembeni nikaweka kipimajoto. Maji yakapata moto taratibu. Nyuzi 75, kimya. Nyuzi 80, kimya. Karibu na 83 pale pembeni ya kile kisahani cha shaba ukatokea mstari mwembamba mweusi, kisha kisahani kikaanza kushuka polepole kama kope linalofumbuliwa. Ya injini hii inapaswa kuanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na maji yakifika 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Iliyofunguka nusu tu ndiyo inayochanganya watu, kwa kuwa foleni inatosha, mlimani haitoshi. Hiyo ya kununua mpya. Ukiifunga, kale kapini kadogo kanachochezacheza kakae juu, ndipo hewa inapotokea.

Mfuniko, kabla ya rejeta

Hakuna spea ya bei ndogo inayosingiziwa kidogo kama mfuniko wa rejeta. Juu yake umeandikwa namba, kwenye Corolla hizi mara nyingi 0.9. Ni presha inayozuiliwa ndani, na presha ndiyo inayozuia maji yasichemke. Usawa wa bahari maji matupu huchemka nyuzi 100. Chini ya mfuniko mzima wa 0.9 yanafika karibu 118. Sasa mpira wa mfuniko ukiwa umekauka na kupasuka, presha haikai, na ukiwa Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka nyuzi kama 95. Injini haijafanya kosa lolote, themostati ndiyo kwanza imefunguka vizuri, na tayari maji yanatapikwa kwenye chupa ya akiba. Ukibadili, namba ibaki ile ile. Mfuniko wa namba kubwa kwenye mipira ya zamani unaenda kupasua kitu.

Na usiufungue wa moto, hata kwa kitambara, hata "kidogo tu". Ukifungua, presha inatoka kwa mpigo na maji yaliyokuwa yametulia yanageuka mvuke yote kwa pamoja, usoni kwako. Subiri hadi uweze kuukamata mpira wa juu kwa mkono mtupu na ukaukuta umelegea.

Rejeta: kuosha, kuzibua, ya mtumba au mpya?

Kwanza osha nje. Kati ya rejeta ya AC na ya injini kuna nafasi ndogo inayojaa vumbi, wadudu na manyoya, na kutoka mbele huioni. Legeza, mulika tochi, piga maji yasiyo na nguvu kutoka upande wa injini kwenda nje. Nimeona gari likipona kwa hilo tu.

Kama imeziba ndani utaijua kwa kiganja. Endesha hadi gari lipate joto, zima, toa ufunguo ili feni isikushtukize, kisha pitisha mkono karibu na uso wa rejeta. Joto linapaswa kupungua polepole kutoka juu kwenda chini. Ukikuta kiraka cha baridi pembeni au katikati, mirija ya hapo haipitishi maji.

Rejeta za kale za shaba zilizochomelewa kwa risasi zilifaa kuzibuliwa. Fundi anafungua tangi la juu, anapitisha vibati kwenye mirija, anachomelea, na unaondoka nayo miaka. Ya 110 ni alumini yenye matangi ya plastiki yaliyobanwa kwa meno. Meno yakishafunguliwa mara moja hayabani kama mwanzo, na plastiki ya miaka 25 inakuwa ngumu na dhaifu. Kuzibua ya aina hii ni kununua miezi. Ya mtumba ina plastiki ya umri ule ule, na huwezi kuona ndani. Ningeichukua tu kama imejazwa presha mbele yangu ndani ya beseni la maji bila kutoa povu. Mpya isiyo ya kampuni ya gari ndiyo chaguo langu kwa gari la kila siku, lakini hesabu safu za mirija. Yenye safu nyembamba kuliko ya zamani itatosha mjini, kwenye mlima itakuumbua.

Maji ya bomba au kulanti?

"Kulanti ni ya nchi za barafu." Hapana. Kulanti ni maji ya dawa ya rejeta, na kuzuia kuganda ni kazi yake moja tu. Kwetu inatakiwa kwa dawa ya kuzuia kutu, kwa kulinda sili ya pampu, na kwa kupandisha zaidi nyuzi za kuchemka. Injini hii ina bloku ya chuma na hedi ya alumini, metali mbili ndani ya maji yale yale. Ukiyaweka maji ya kisima yenye chumvi, kama ya mitaa mingi ya Dar, umeiandalia kutu karamu. Chumvi ndiyo inayoziba rejeta, kutu ndiyo inayokula mapanga ya pampu, na ukoko ndiyo unaokwamisha themostati. Nusu kulanti na nusu maji yaliyotoneshwa, yale ya betri yasiyo na asidi. Usichanganye rangi na aina usizozijua. Ukikwama njiani mimina maji yoyote safi uliyonayo, polepole, injini ikiwa imepoa. Ukifika, yamwage yote.

Hedi: isawazishwe au ununue injini?

Hapa ndipo mkoba unapouma, kwa hiyo hakikisha kwanza. Gasketi ya hedi iliyoungua huingiza hewa ya mlipuko ndani ya maji. Asubuhi, dakika mbili tu baada ya kuwasha, mpira wa juu unakuwa mgumu kama jiwe huku injini bado ni baridi. Joto la maji haliwezi kufanya hivyo, ni gesi. Mfuniko ukiwa umeachwa wazi tangu baridi, mapovu yanapanda bila kukoma. Unaweza kuona moshi mweupe wenye harufu tamu, oili yenye rangi ya chai ya maziwa, au plagi moja safi kuliko wenzake kana kwamba imeoshwa. Kipimo ninachokiamini zaidi ni ile dawa ya bluu inayowekwa kwenye bomba la kioo juu ya tundu la rejeta. Gesi ya injini ya petroli ikipita inageuka njano. Tafuta fundi mwenye nayo hata ikibidi kuvuka mji.

Ikithibitika, linganisha hivi. Gari lilichemsha ukasimama mapema, na likawaka tena lilipopoa bila kugonga? Tengeneza hedi. Lakini usikubali gasketi mpya kuwekwa juu ya hedi ambayo haijapimwa. Upande unaokaa kwenye bloku, Toyota wanaruhusu mpindo wa milimita 0.05 tu, wembamba kuliko unywele. Fundi alaze rula ya chuma iliyonyooka na kupenyeza fila, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, mbele yako. Imezidi, iende kwenye mashine, ipimwe na nyufa kwa presha, na bolti zikazwe kwa torki, yaani nguvu iliyopimwa, kwa mpangilio wake, kuanzia katikati kwenda nje.

Gari liliendeshwa hadi likajizima lenyewe, na sasa linakula oili au kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, imeanguka kwenye silinda zaidi ya moja? Hapo injini ya mtumba inaleta maana, kwa kuwa pistoni na ringi nazo zimeshaungua. Kabla ya kulipa, fungua nyumba ya themostati ya hiyo injini uangalie ndani. Alumini safi ni dalili ya kulanti, tope la kahawia ni dalili ya ugonjwa ule ule unaoukimbia. Omba ipimwe kompresheni. Na namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, kwa hiyo mabadiliko yafikishwe TRA, mamlaka ya mapato, mapema, usingoje siku ya kuuza.

Ukimaliza lolote kati ya haya, toa hewa. Pua ya gari ikiwa juu kidogo, hita imefunguliwa hadi mwisho, jaza taratibu, wacha injini iwake mpaka feni iamke na kulala mara mbili. Kesho yake asubuhi, gari likiwa baridi, piga mstari wa kalamu kwenye chupa ya akiba. Tazama mstari huo asubuhi tatu mfululizo. Ukiona maji yanashuka chini yake na sakafu ni kavu, rudi kwa yule fundi mwenye dawa ya bluu kabla hujapanga safari.